Kidawa ndani ya Kasha

Hadithi iko mlangoni!
— Ipishe iingie!
Imekuja na machozi!
— Ikalishe, tutaisikiliza!

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walikuwa na kijiji chao, na jumbe wao alikuwa Chui. Katika kijiji hicho alikaa paka dume, jina lake Shume, pamoja na mkewe, Kidawa. Walipendana. Shume akikamata panya, kichwa alikula yeye, minofu akampa mkewe. Na siku hizo Kidawa alikuwa mja mzito, tumbo limeshuka.

Asubuhi moja paja la mbuzi la Jumbe Chui likapotea. Mwizi alikuwa Fisi. Alilila lote, na mfupa wake. Lakini Fisi huyo huyo ndiye aliyewahi barazani, akasema, "Jumbe, nimemwona Kidawa akipita nyuma ya jiko lako, analamba midomo."

Kidawa akalia. "Jumbe wangu, sikuiba! Naapa kwa hiki nilichobeba tumboni!"

Chui hakujua amwamini nani. Akaamuru litolewe kasha lake kubwa la mninga. Mbao zake zilikuwa nene. Ukilia ndani, aliye nje hasikii sauti yako. Ndani yake akaning'iniza kibuyu cha sumu kwa uzi, na juu ya uzi akamweka mchwa mmoja.

"Mchwa akiukata uzi, kibuyu kitapasuka na Kidawa atakufa," akasema. "Asipoukata, Kidawa atatoka hai, nami nitajua hana hatia. Kesho jua likichomoza, mumewe na afungue."

Kidawa akaingia. Kabla mfuniko haujashushwa, akasema, "Mume wangu, usichelewe."

Kisha Jumbe Chui akaenda zake mbali kuwinda.

Jua likachomoza. Shume akafika kwenye kasha, akaweka mkono juu ya mfuniko.

Fisi alikuwa amekwisha kufika, ameketi anamngoja. Alijua kwamba Kidawa akitoka hai, mwizi atatafutwa upya. Akasema kwa upole, "Ndugu yangu Shume, fikiri kwanza. Je, mkeo yu hai?"

"Sijui."

"Amekufa?"

"Sijui."

"Basi sasa hivi, humo ndani, yu hai na amekufa, yote mawili. Ukifungua, litabaki moja. Na likibaki lile baya, nani atakuwa amemwua? Si mchwa. Ni wewe na macho yako."

Maneno hayo yakamchoma Shume kama mwiba. Akaondoa mkono. Akaketi kando ya kasha, akajisemea, "Maadamu sijafungua, nina mke."

Akapita Kanga. "Shume, mbona kasha bado limefungwa? Jua limepanda. Fungua!"

"Niache, Kanga. Maadamu sijafungua, nina mke."

Kanga akatikisa kichwa, akaenda zake.

Jua likatua, likachomoza tena. Mara pakasikika kitu ndani ya kasha. Kwaru, kwaru, kwaru. Shume akaruka, manyoya yamemsimama.

"Hao ni mchwa tu," akasema Fisi. "Wanakula mbao."

Na Shume akaona afadhali wawe mchwa. Maana akikubali kwamba ni mkewe, itambidi afungue.

Akapita Kobe, naye akaisikia ile kwaru, kwaru. "Shume, mchwa hana kucha. Fungua!"

"Niache, Kobe. Maadamu sijafungua, nina mke."

Kobe akaenda zake polepole, akigeuka nyuma, akigeuka nyuma.

Kwaru ikapungua. Ikawa moja moja. Kisha kasha likanyamaza kimya.

Ndipo akaja Bi Mize, mama yake Kidawa. Habari zilimkuta mbali, na miguu yake ilikuwa ya kizee. Hakusalimia.

"Mkwe wangu, mwanangu yumo humu?"

"Yumo, mama."

"Ana kiu?"

Shume akalitazama kasha. Alikuwa amefikiri uhai, amefikiri mauti. Kiu hakuifikiri.

"Akiwa amekufa, nimzike," akasema Bi Mize. "Akiwa hai, nimpe maji. Sogea."

Akaanza kuusukuma mfuniko peke yake, mikono inateleza. Shume akaona haya. Akashika upande wa pili. Fisi akanyanyuka taratibu, akajipenyeza vichakani.

Mfuniko ukafunguka.

Kibuyu kilikuwa kinaning'inia palepale, kizima. Mchwa hakuugusa uzi. Kidawa alikuwa hai, amekonda, ulimi umekauka, kucha zimevunjika. Na kifuani pake alilala mtoto, mdogo kama panya. Mtoto alikuwa amekufa.

Bi Mize akampa mwanawe maji. Kidawa akanywa. Kisha akamtazama mumewe.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa. Sikuondoka."

"Ulinisikia nikikwaruza?"

"Nilisikia. Niliambiwa ni mchwa."

"Maziwa yalinikauka," akasema Kidawa. "Jana alikuwa hai. Jana tu, Shume."

Shume akaanguka kifudifudi. "Nisamehe, mke wangu. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa," akasema Kidawa. "Lakini mimi nilikuwa ndani."

Jumbe Chui aliporudi, akamwona Kidawa hai, akajua nani alisema uongo. Akamfukuza Fisi, akampiga kiunoni, na hata leo fisi hutembea kiuno kimelegea. Lakini kipigo cha Fisi hakikumrudisha mtoto.

Kidawa alimzika mwanawe, kisha akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Wakafika kijiji cha watu. Mama mmoja alikuwa ndani anasonga ugali. Kidawa akakwaruza mlango, na yule mama akafungua, hata hakuuliza ni nani. Hapo akakaa, na wazao wake wanakaa na watu mpaka leo.

Shume akamfuata, akachelewa tena. Hakuthubutu kubisha. Huzunguka mabandani, hupanda mapaa, hulia kama mtoto mchanga. Watu wakimsikia husema, "Ni paka shume huyo, mtupie kuni." Hawajui analilia nini.

Basi jamani, kufumba macho hakumponyi mgonjwa. Usipotaka kujua, baya halikungojei. Kinachochelewa ni msaada wako tu. Kiogope unachokiogopa, lakini fungua.

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyo tamu chukueni nyinyi, iliyo chungu niachieni mimi niliyeisimulia.