Ngiri Aliyetaka Moshi Uzae Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Itikeni tu, hata wenye kikohozi. Mungu anisamehe: nilipokuwa na nguvu zangu nilichoma majani ya shamba siku ya upepo, na jirani yangu Mwanahalima, mwenye pumu, akalala siku tatu akihema. Sikumwomba radhi. Basi ngano hii, wakubwa kwa wadogo, ni yake kwanza.

Hapo zamani za kale palikuwa na Ngiri, bwana moto wa nyika. Kila mwaka, mvua ikikaribia, yeye ndiye aliyechoma nyasi kavu. Kipande kimoja tu, siku moja tu, ili mvua ikinyesha yachipue majani mabichi. Ndiyo desturi.

Mwaka mmoja mvua ikachelewa. Bwawa likapungua, likapungua, likabaki tope. Watoto watatu wa Ngiri wakawa wanalamba tope. Roho ikamuuma. Akatazama moshi wa moto wake wa mwaka ule, umetanda juu ya kilima kama wingu. Akawaza: kumbe wingu ni moshi uliokomaa! Akawaamuru wanyama wote wachome. Wakachoma. Wuu, wuu, wuu, bonde likawaka. Siku ya kwanza, ya pili, hata ya saba. Jua likawa jekundu kama kaa la moto, mchana hauna kivuli. Mawingu yakaja, yakapita. Mvua, hakuna.

Ngiri akasimamisha mkia, akasema waongeze moto.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, hata ukiusimamisha huo mkia mpaka mbinguni, mvua hujaiita. Umeita kikohozi."

Wanyama wakacheka, wakakohoa, wakacheka.

Mara Mbayuwayu akashuka kutoka mawinguni, mbawa zimejaa masizi. Ngiri akamuuliza kama huko juu kuna maji.

"Maji yapo, bwana moto. Ila kila chembe ya moshi wako imeshika tone lake. Zamani chembe zilikuwa chache. Kila moja ilishiba, ikanenepa, ikaanguka. Sasa umealika wageni maelfu kwenye sufuria moja ya uji. Kila mmoja kalamba kidole. Nani ana uzito wa kuanguka?"

Ngiri akageuka kuwatazama wanawe. Angeweza kumwita Mbayuwayu mwongo, na wengi wangemwamini yeye. Lakini mtoto wake mdogo alikuwa amelala ubavu, halambi tena hata tope. Ngiri akapiga magoti mbele ya wote.

"Nimekosa," akasema. "Kiu hii nimeileta mimi."

Wakazima. Nyati wakakanyaga, tembo wakamwaga mchanga, pu, pu, pu. Upepo ukachukua siku tano kufagia anga, na siku hizo tano mama mtu alimnyonyesha yule mdogo maziwa ya mwisho aliyokuwa nayo. Siku ya sita, to! Tone la kwanza likamdondokea Ngiri puani. Lilikuwa jeusi. Akalilamba. Lilikuwa chungu, moshi wake mwenyewe. Kisha to, to, to, shaaa, maji safi, na mtoto akainua kichwa.

Ngiri hakusahau. Mpaka leo akila, hupiga magoti.

Moshi ukiupoteza machoni haujapotea: umekwenda kukaa kwenye njia ya mvua. Ngano yangu naitua hapo, kama mzigo.

Nawe uliyesikiliza, nakuomba: majani ya shamba lako yafukie, usiyachome.