Majani Yanayopunguza Kimo

Zamani hizo, watoto wangu, binadamu hajaumbwa bado na nchi yote ni ya dinosaria, palikuwa na kisiwa kidogo karibu na bara. Humo aliishi Bi Kidawa, dinosaria mla majani, kimo chake kama cha mbuzi. Yeye na wanawe watatu walikula majani ya kangaga yaliyoota bondeni. Chakula kiliwatosha, lakini hakikusazwa.

Siku moja maji ya bahari yalikupwa sana, njia ya mchanga ikajitokeza baina ya bara na kisiwa. Akavuka Bwana Shaame. Naye alikuwa dinosaria mla majani, ila wa bara: shingo ndefu kama mnazi, miguu kama magogo. Tindi, tindi, tindi, akashuka bondeni, akaanza kula bila kubisha hodi.

Bi Kidawa akamwendea, akamwamkia kwa adabu, akamweleza kuwa bonde lile ndilo riziki ya wanawe. Shaame akajibu huku anatafuna kwamba majani hayana mwenyewe. Jua lilipotua, robo ya bonde ilikuwa tupu, na mtoto wa mwisho wa Bi Kidawa alilala na njaa.

Asubuhi mama yule aliamka na hasira, lakini alijua kwa nguvu hamwezi. Akamrudia Shaame kwa uso wa huruma.

"Mjomba, kula tu, sikukatazi tena. Ila mimi nilipovuka kuja huku nilikuwa mkubwa kama wewe."

Shaame akaacha kutafuna. "Kama mimi?"

"Kule bara uliwahi kumwona mtu mzima mwenye kimo hiki? Ni haya majani. Yanapunguza."

Shaame akacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Bi Kidawa akashauri wapime, ili kila mmoja aone kwa macho yake. Akapanga mawe kando ya mguu wa mgeni, jiwe juu ya jiwe, mpaka yakalingana na kifundo chake.

Shaame akaendelea kula, maana tumbo lenyewe halikujua hofu. Adhuhuri akajilaza kivulini, akakoroma, khoo, khoo. Bi Kidawa akaokota jiwe bapa kwa mdomo, akaliweka polepole juu ya yale mengine, akaondoka kwa kunyata.

Shaame alipoamka alikwenda moja kwa moja kwenye mawe. Yalikuwa yamempita kifundo. Akajinyoosha, akasimama vizuri, akatazama tena. Yalikuwa vilevile.

"Nimepungua," akasema kwa sauti ndogo.

"Na hiyo ni siku moja na nusu tu, mjomba."

"Mke wangu hatanijua."

Hakungoja zaidi. Maji yalikuwa yameanza kujaa, njia ya mchanga haionekani, lakini akajitosa hivyo hivyo, chubwi, maji yakimfika kifuani, akaenda bila kugeuka nyuma.

Bi Kidawa alisimama ufukweni mpaka alipomwona amepanda bara. Kisha akawaita wanawe waje kula.

Yamekwisha, na funzo lake ni hili: ukizidiwa nguvu na mtu, tafuta kwanza anachokiogopa.