Baraza Lililofuata Taratibu

Kanuni ya Kumi na Saba, Juu ya Kubainisha Ni Ng'ombe Yupi Mwenye Heshima ya Kula Majani ya Uwanda wa Mji, na Ni Yupi Apite Tu. Hilo lilikuwa jina lake kamili, nayo ilitungwa hapo zamani katika mji wa Mkwaruni, wakati Liwali Nasoro alipokuwa akitawala pamoja na baraza la wajumbe saba. Baraza lilikaa juu ya kanuni hiyo miezi kumi na mmoja. Miezi tisa ilikwenda katika jina. Miwili iliyobaki wajumbe walibishana ni ng'ombe gani walio na heshima, na mwisho, baada ya kufikiri sana, wakagundua kuwa ni ng'ombe wao.

Basi karani wa baraza, jina lake Mselemu, akaiandika kanuni kwa kalamu ya tete, kwa herufi za Kiarabu kama ilivyokuwa desturi, katika karatasi moja ndefu, akaianika juani penye ngazi za jumba wino ukauke, ili ipate kubandikwa ukutani watu wote waione. Lakini Mselemu alikuwa ametoka kula ng'onda, tena hakunawa, na karatasi ikashika chumvi ya samaki toka juu mpaka chini.

Ikawa saa ile anapita ng'ombe wa Kondo. Kondo alikuwa mtu asiye na kitu duniani ila mke, kanzu moja na ng'ombe huyo, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyowaweka hai wote wawili. Alimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake, maana safari ya kutoka zizini hadi kisimani aliianza alfajiri akaimaliza watu wakipakua chakula cha mchana. Taratibu akanusa chumvi, akalamba, akaona ni tamu, akala. Alikula jina, akala vifungu, akala na muhuri. Mselemu alipotoka mbio alikuta kimebaki kipembe kimoja cha karatasi kinaning'inia mdomoni mwa ng'ombe, kimeandikwa "apite tu", nacho kikapita.

Kesho yake asubuhi Kondo akaitwa barazani pamoja na mnyama wake. Mkewe, Mwanamvua, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Kondo," akasema, "ukirudi bila ng'ombe, mtindi nitaugandisha kwa maziwa ya nani? Yako?"

"Ombea heri, mke wangu."

"Naomba. Lakini na wewe usikae ukachekacheka huko. Tumia hicho kichwa, si cha kuvalia kofia tu."

Kondo akamfunga Taratibu nje ya mlango wa baraza kwa kamba iliyooza, akaingia, akainama. Mselemu akachovya kalamu.

"Jina la mshitakiwa?"

"Taratibu."

"Nasema la ng'ombe, bwana we!"

"La ng'ombe ndilo hilo. Langu mimi ni Kondo, na mimi sijala karatasi."

Mselemu akaandika. Liwali Nasoro akajikohoza, akasema, "Kondo, ng'ombe wako amekula sheria ya mji."

"Ni kweli, Maulana, nami nimemkaripia sana. Lakini kwa nini isiandikwe nyingine, maadamu walioitunga wako hapa, wazima na wameshiba?"

Liwali akaona ni maneno ya maana. Akawageukia wajumbe akawaambia waiseme kanuni. Jina walilikumbuka wote, tena kwa sauti moja kama watoto wa chuoni. Baada ya jina, Mwinyi Dadi, mjumbe mkubwa kuliko wote, akasema kuwa ng'ombe mwenye heshima ni yule ambaye pembe zake zimetazama mbele. Wa pili akasema la, zimetazama nyuma. Wa tatu akaapa kuwa pembe hazikutajwa kabisa, na kwamba heshima huanzia kwa mtu mwenye ng'ombe kumi na wawili, idadi ambayo kwa bahati ndiyo aliyokuwa nayo. Wakainuka wakashikana kanzu. Mselemu alipoulizwa akajibu, "Mimi huandika, Maulana. Sisikilizi."

Basi Liwali akaona haya mbele ya Kondo, na haya zikageuka hasira. Akapiga kiti kwa kiganja. "Kanuni ile ile irudi! Irudi yote, lisipungue neno, ibandikwe ukutani hapo kabla ya alasiri ya leo! Isiporudi, ng'ombe ni wangu, na atachinjwa kwa karamu ya baraza."

Wajumbe wakaachana kanzu, wakaketi vizuri. Mwinyi Dadi akasema kuwa yeye angependa nundu.

Kondo akapiga hatua moja mbele. Akainamisha macho asionekane amelowa machozi, na macho yakaangukia karatasi ya karani. Kondo alijua kusoma maandishi kichwa chini, maana utotoni, chuoni, kitabu kilikuwa kimoja na yeye siku zote alikaa upande usio wake. Akasoma mstari wa kwanza. Akausoma tena. Kisha akainua uso, umejaa ujinga.

"Maulana, nimesikia na nimetii. Lakini mimi mtu wa zizini, mambo ya serikali siyajui. Kanuni ikipotea hutafutwaje?"

Hakuna kitu Liwali Nasoro alichokipenda kama kuulizwa. "Hutafutwaje? Kwa kufuata taratibu, mjinga we! Andika, Mselemu: Baraza lote, Liwali akiwa mbele, litafuata taratibu mpaka kanuni ipatikane. Na yeyote atakayevunja taratibu, au kuharakisha taratibu, atatiwa gerezani. Piga muhuri."

Muhuri ukapigwa. Kondo akainama mpaka kofia ikagusa mkeka.

"Mola akuzidishie, Maulana. Basi tufanye haraka tutoke, maana Taratibu amekata kamba, huyo anaondoka."

"Nani aliyesema ng'ombe?"

"Karatasi, Maulana. Mstari wa kwanza, mshitakiwa ni taratibu. Mstari wa mwisho, baraza litafuata taratibu. Bwana karani, hebu nionyeshe tofauti ya taratibu hii na ile."

Mselemu akaitazama karatasi, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga. Na kwa kuwa herufi za Kiarabu hazina kubwa wala ndogo, na jina la mtu au la mnyama huandikwa sawa na neno lolote, akashusha pumzi. "Maulana, herufi ni zile zile. Hata nukta ni zile zile."

Na Kanuni ya Kwanza ya mji ule ilisema kuwa neno lililopigwa muhuri, hata Liwali mwenyewe halibadilishi. Liwali aliitunga kwa mkono wake, siku aliyogombana na mkewe. Basi akavaa viatu.

Ikawa Taratibu mbele, Liwali nyuma yake, wajumbe saba nyuma ya Liwali, Mselemu na kidau chake cha wino, na Kondo mwisho kabisa kwa adabu. Wakapita sokoni. Muuza mihogo mmoja akamuuliza mwenzake, "Kuna nini leo?"

"Serikali inafuata taratibu."

"Ee! Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Mola mkubwa. Nilijua nikiishi nitaona."

Jua likapanda. Taratibu akasimama mbele ya lundo la maganda ya ndizi, akalifikiria kwa muda mrefu. Mwinyi Dadi, ambaye jasho lilikuwa limemfika kwenye mshipi, akainua bakora amchome ubavuni.

"Mwinyi," Kondo akasema kwa upole, "unaharakisha taratibu."

"Dadi," Liwali akasema bila kugeuka, "gerezani pana nafasi."

Bakora ikashuka. Wakaenda hata wakafika uwandani, na pale mlangoni alikuwa amekwisha kuwekwa mlinzi, kwa maana baraza liliajiri mlinzi miezi mitano kabla ya kumaliza kanuni. Mlinzi akaweka mkuki njiani akauliza, "Ng'ombe huyu ana heshima?"

Kondo akamjibu, "Amefuatana na Liwali na wajumbe saba kwa miguu. Wewe umewahi kumwona mwenye heshima zaidi?"

Mlinzi akawahesabu, akaondoa mkuki, akamwamkia ng'ombe.

Basi Taratibu akala majani mpaka akatosheka, kisha akalala chini kivulini na kuanza kutafuna na hali hakuna kitu mbele yake. Baraza likakaa juani, maana kivuli kilikuwa kimoja.

"Sasa anafanya nini?" Liwali akauliza.

"Anacheua, Maulana. Alichomeza anakirudisha kinywani akitazame upya. Tumboni mwake mna vyumba vinne. Kanuni hutoka kamati hii ikapelekwa kamati ile."

"Na vyumba hivyo hukubaliana?"

"Hubishana kidogo. Lakini si miezi kumi na mmoja."

Liwali akamtazama kwa jicho kali, kisha akatazama kwingine, na ndevu zake zikacheza.

Muadhini alipokuwa akienda kutia udhu kwa ajili ya alasiri, Taratibu akasimama, akajinyoosha, akainua mkia. Wajumbe wakarudi nyuma. Kondo akasogea mbele.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kanuni imepatikana."

Akaizoa yote juu ya jani la mgomba, akaenda nayo mbio hadi barazani, na wale nyuma yake, kisha akaipaka ukutani kwa viganja viwili, kwa ufundi, kama mtu anayekandika nyumba yake mwenyewe.

Mwinyi Dadi akapiga kelele, "Haya ni matusi! Hiyo si kanuni!"

"Mwinyi wangu, Maulana alisema irudi yote, lisipungue neno, ibandikwe ukutani. Nionyeshe neno lililopungua, bwana karani aliongeze. Sogea karibu, usome."

Mwinyi Dadi akapiga hatua mbili. Akarudi tatu. Liwali akawaangalia wajumbe wengine sita, na kila mmoja alikuwa akitazama dari.

"Basi, Kondo," Liwali akasema polepole, "wewe uliyeipata, nisomee. Inasemaje?"

Kondo akaitazama kwa makini, kichwa upande.

"Maulana, ndani yake naona kanuni kidogo na majani mengi. Nadhani majani yamepata kura zaidi."

Liwali Nasoro akajizuia, akashindwa. Akacheka mpaka kilemba kikafunguka, akacheka mpaka akashika nguzo, na wajumbe, walipoona anacheka, nao wakacheka, Mwinyi Dadi akiwa wa mwisho. Kisha akajifuta macho akamwambia Kondo amchukue ng'ombe wake aende kwa mkewe.

Kanuni ya Kumi na Saba haikuandikwa tena, na ng'ombe wote wa Mkwaruni waliendelea kula majani ya uwanda.