Kamati ya Macho ya Bi Sikudhani

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakipanga nyumba, wakilipia maji na kununiana kwa ajili ya mirathi kama tufanyavyo sisi leo, aliishi tembo mmoja mzee aliyeitwa Bi Sikudhani. Sogeeni karibu. Na wewe wa mwisho hapo, acha kumtekenya mwenzako. Hadithi hii ina hela ndani yake, na habari za hela husikilizwa kwa adabu.

Bi Sikudhani alibeba magogo katika kiwanda cha mbao kwa miaka arobaini. Alipostaafu alipewa kiinua mgongo, hela nzuri tu, akaziweka katika sanduku la bati. Lakini hakuweza kuziona. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na kwake hata mchana wa jua kali ulikuwa ukungu mtupu.

Alikuwa na nia moja tu na hela zile. Kila masika alikuja Daktari Korongo, ndege mwenye mdomo mrefu usiotetemeka, akapiga hema kando ya bwawa na kutibu macho ya watu. Mvua zikiisha, huyo anaruka zake mpaka mwaka mwingine.

"Nitibiwe, nishuke mtoni kwa miguu yangu," alisema Bi Sikudhani. "Nimechoka kuongozwa kwa kamba kama mbuzi wa mnadani."

Hela ziliingia leo, kesho yake wapwa zake watatu wakafika: Kiboko, Kifaru na Nyati. Msiniulize tembo alipataje mpwa kiboko. Katika mji ule undugu ulipimwa kwa unene, na hao watatu walikuwa na undugu mwingi sana.

"Shikamoo, shangazi," alisema Kiboko kwa sauti ya kilio. "Hatukupata usingizi. Tunaogopa watu watakula hela zako."

"Marahaba, mwanangu. Watu gani?"

"Watu tu, shangazi. Dunia imeharibika."

Basi wakaunda kamati, wakaiita Kamati ya Kulinda Macho ya Shangazi. Kiboko akawa mwenyekiti, Kifaru mweka hazina, na Nyati mjumbe wa nidhamu, ingawa mpaka leo hakuna ajuaye ilikuwa nidhamu ya nani. Sanduku wakalitia kufuli tatu, kila mmoja akachukua ufunguo wake, kama wafanyavyo kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake.

Bi Sikudhani alisikia ka, ka, ka, kufuli tatu zikijifunga, akafurahi.

Ila kamati ilikosa katibu, maana kwato hazishiki kalamu. Ndipo wakamwita Pimbi, fundi viatu aliyeishi na mkewe kwenye mawe nyuma ya nyumba. Mnamjua pimbi? Ni mnyama wa kuenea kwenye kikapu cha sokoni. Hana pembe, hana mkia, ana meno mawili na maneno mengi.

"Mimi nami ni ndugu yake," alisema Pimbi. "Bi Sikudhani na bibi yangu ni ukoo mmoja."

Kifaru alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Ndugu wa tembo? Kaa hapo uandike."

Na alikuwa anasema kweli. Waulizeni waliosoma habari za wanyama, watawaambia pimbi na tembo wana nasaba moja. Lakini ndugu anayeenea kwenye kikapu, nani atamsikiliza?

Kikao cha kwanza kikakaa. Pimbi akaandika: ajenda, macho ya shangazi. Wajumbe wakanywa chai, wakala maandazi na miwa, wakafungua sanduku, wakajilipa posho ya kukaa. Uamuzi uliofikiwa ni kwamba kikae kikao kingine.

Kikao cha pili walijadili waanze na jicho la kulia au la kushoto. Nyati alitaka la kulia. Kiboko akasema jambo zito namna hiyo haliamuliwi na tumbo tupu. Yakaletwa matikiti. Walipomaliza, jicho halikuamuliwa, ila walijilipa posho ya kukaa na posho ya kufikiri.

Baada ya kikao cha tatu wakasafiri kwenda kukagua hema la Daktari Korongo. Hema lenyewe lilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni, lakini nauli walijilipa. Mgonjwa hawakumchukua, kwa sababu ilikuwa ziara ya viongozi. Kifaru alirudi amevaa miwani mipya.

"Shangazi, hema tumeliona," akamwambia. "Ni zuri sana."

"Na mimi nakwenda lini?"

"Vuta subira. Tunakulinda."

Mvua zikaanza kupungua. Pimbi alipoona mawingu yanakonda na kamati inanenepa, alimwendea Bi Sikudhani asubuhi moja akiwa peke yake barazani.

"Shikamoo, Bibi. Hela zako zinaliwa."

"Na nani? Kufuli si ziko tatu?"

"Na wale wenye funguo tatu."

Bi Sikudhani akakasirika. Akamwambia asiwasingizie watoto wa watu, wapwa wanaokuja kumjulia hali kila wiki wakilia. Pimbi hakubishana. Alifungua daftari la kamati akamsomea, kuanzia miwa, matikiti, nauli mpaka miwani. Alipofika kwenye posho ya kufikiri, machozi yalimtoka yule bibi katika macho yale yasiyoona. Mimi niliposimuliwa hadithi hii nikiwa mdogo kama ninyi, hapa ndipo niliponuna nikakataa kula.

"Ningewakanyaga," akasema, "ila sioni walipo."

"Usiwakanyage. Leo watakuletea vitu. Pokea, funga kwenye pindo la kanga, usiulize chochote."

"Waniletee? Wale?"

"Wataleta, Bibi."

Pimbi akaondoka mbio, tiki tiki tiki, mpaka kwenye matope ya Kiboko. Mwenyekiti alikuwa akiuweka ufunguo wake kinywani, chini ya ulimi.

"Mwenyekiti, unalala umeachama."

"Nani kasema?"

"Mji mzima. Juzi Kifaru aliniuliza meno yako ya nyuma yako mangapi. Mimi sisemi kitu, mimi ni katibu tu."

Kiboko akafunga mdomo, pwa! Akafikiri kidogo, safari hii bila posho. "Sasa niufiche wapi?"

"Mahali ambapo hakuna mjumbe hata mmoja anayepafikiria."

"Kama wapi?"

"Kwa mwenye hela."

Kiboko akaduwaa, kisha akacheka matope yakaruka. "Kweli kabisa. Tangu tuanze vikao hakuna aliyewahi kumfikiria."

"Na bila ufunguo wako wale wawili hawafungui. Siku ukiutaka, unakwenda kuuchukua. Ni shangazi yako, tena haoni."

Muda si mrefu Kiboko alikuwa barazani. "Shangazi, nitunzie hiki kichuma. Usimwambie mtu, hata ndugu zangu."

"Sawa, mwanangu," alisema Bi Sikudhani, akapiga fundo.

Kifaru yeye alikuwa akiutundika ufunguo kwenye pembe.

"Mweka hazina," Pimbi alimwambia, "pembe yako huingia kikaoni kabla yako. Na chai ikikukolea, unasinzia."

"Nilimwona Nyati akiikodolea macho," Kifaru alisema polepole. "Nikadhani anaisifia."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi ya mahali pa kuficha. Alimpelekea shangazi ufunguo, akadai ni kipande cha miwani kilichochomoka. Fundo la pili likapigwa.

Nyati ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote. Alikuwa na mpango wake mwenyewe juu ya kinywa cha Kiboko, kwa hiyo aliamini papo hapo kwamba wenzake wana mpango juu ya mkia wake, alikoufungia ufunguo. Alifika barazani anahema, akaufungua mkiani, akampa shangazi hata salamu akaisahau.

Kabla ya adhuhuri kanga ya Bi Sikudhani ilikuwa na mafundo matatu. Wapwa watatu walikuwa majumbani mwao, kila mmoja akijipongeza kwa kuwaweza wenzake.

"Tayari, Bibi," alisema Pimbi.

Ka, ka, ka, kufuli zikafunguka. Bi Sikudhani akalibeba sanduku kwa mkonga, Pimbi akapanda kichwani pake, safari ikaanza. "Kulia kidogo, Bibi. Kuna shimo hapo. Inua mguu. Huo sasa ni mti, usiupige." Walimkuta Daktari Korongo anakunja mikeka yake.

"Umechelewa, mama," alisema. "Nilikusubiri tangu mwezi wa kwanza wa mvua."

"Kamati ilikuwa inakaa," alisema Pimbi.

Korongo akatazama ndani ya sanduku kwa muda, akamtazama mgonjwa. "Zilizomo humu zinatosha dawa za jicho moja."

Pimbi kule juu alihisi kichwa cha bibi kikishuka chini taratibu.

"Basi moja," akasema Bi Sikudhani. "Fanya la kulia. Fanya sasa hivi, kabla kamati haijakaa."

Siku tatu alilala hemani amefungwa kitambaa, mke wa Pimbi akimletea uji. Katika siku hizo tatu hakuna mpwa hata mmoja aliyeuliza shangazi yuko wapi. Siku ya nne Pimbi alilirudisha sanduku mahali pake, likiwa na kufuli zake tatu, akalifuta vumbi, akawaita wajumbe kikaoni.

"Wajumbe," alianza Kiboko akijifuta machozi ambayo hayakuwepo, "mvua zimekwisha na daktari ameondoka. Tulijitahidi. Ajenda ya leo ni kujigawia kilichobaki, iwe posho ya majonzi. Mweka hazina, toa ufunguo."

"Nimeusahau nyumbani," alisema Kifaru akificha tabasamu. "Anza wewe, mwenyekiti."

"Wangu umeniponyoka mtoni. Nyati?"

"Wangu uko kwa fundi."

"Ufunguo umekwenda kwa fundi kufanya nini?"

"Kupumzika," alisema Nyati.

Wakatazamana. Kwa dakika nzima kila mmoja alikuwa mtu mwenye furaha. Kisha furaha ikaanza kuwapungua, kwa maana walikuwa wanafurahi wote kwa pamoja, na jambo hilo halikuwahi kutokea katika kamati ile.

"Mmekula njama," alisema Nyati.

"Nani? Wewe ndiye uliyekuwa unaitamani pembe yangu."

"Na wewe ulikuwa unanihesabia meno," alifoka Kiboko.

Nyati akalipiga sanduku kwa pembe. Lilibingirika chumba kizima, tang'alang'ala tang', kama debe la mchuuzi aliyekwisha kuuza maji yake.

Mlango wa ndani ukafunguka. Bi Sikudhani akaingia bila kamba na bila wa kumshika, akakwepa meza, akakwepa kiti, akaweka funguo tatu mbele yao.

"Huo ni wangu," walisema wote watatu kwa mara moja, kila mmoja akiunyooshea kidole wake.

Pimbi akaandika.

Kiboko ndiye aliyezinduka kwanza, ndiyo maana alikuwa mwenyekiti. "Shangazi, kumbe unaona. Mungu ni mkubwa. Wajumbe, kamati yetu imefanikiwa. Napendekeza kikao cha shukrani, na chai ije sasa hivi."

Bi Sikudhani alimsogelea, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kwato, akazunguka nyuma, akarudi mbele. Akamwendea Kifaru, akamvua miwani kwa ncha ya mkonga, akamtazama na yeye. Kisha Nyati. Hakuwa na haraka.

"Kumbe mmenenepa hivi," alisema. "Mlivyokuwa mnanililia kila wiki, nilidhani mnakonda kwa ajili yangu. Nilikuwa nawaonea huruma."

Nyati, mjumbe wa nidhamu, alikuwa anatazama sakafu.

"Jicho hili la kulia amenitibia Korongo. Hili la kushoto halioni, na halitaona, kwa sababu mmelila ninyi na maandazi." Akawatazama mmoja mmoja kwa lile moja. "Haya, watoto wa ndugu zangu, nani kati yenu alipata kipande kikubwa?"

Nami naishia hapo, maana mpaka leo hawajamjibu. Funzo lake ni hili, wanangu: mzee akipata hela zake, muulizeni yeye anazitakia nini, kisha mwachieni ufunguo.