Kijiko cha Kuwashia Trekta

Mniwie radhi, kisa hiki nakiharibu kila nikikisimulia.

Ufunguo wa trekta kuukuu la Bwana Mgaya ulipotea shambani.

"Likinguruma ndipo utakula," akamwambia Kibasa, dereva wake, huku akifunua sahani yake ya pilau.

"Linawaka hata kwa kijiko, tajiri. Ila kipate mafuta ya nyama, swichi imekauka."

"Chukua changu."

Kibasa akachota, akala, akakikagua. "Bado kikavu." Akaendelea hivyo mpaka sahani ikang'aa. Kisha akachomeka mpini wa kijiko kwenye swichi, trekta likanguruma.

"Mbona umechomeka mpini, na mafuta yako upande wa pili?"

"Yale yalikuwa ya dereva, tajiri."

Msimlaumu Kibasa. Ufunguo niliuficha mimi, utingo wake, ili tugawane pilau. Hakuniachia hata punje.