Mkeka wa Msikiti

"Mkeka wa msikiti hausukwi kwa masalio." Naona mmenitolea macho. Nimewakuta mmefagia uwanja wa msikiti katikati tu, pembeni mmewaachia kuku, ndiyo maana nikaisema. Mnauliza imetoka wapi? Imetoka nyumbani kwetu, na mimi nilikuwepo. Kaeni niwaambie.

Mama yangu, Bi Riziki, alikuwa fundi wa mikeka, hana mwenzake kijijini kwetu Pemba. Mwaka nilioposwa alikuwa akinisukia mkeka wa harusi. Siku hizo mkeka wa bibi harusi ulikaguliwa. Mawifi waliugeuza juu chini wakitafuta kasoro, na wakiipata utaisikia mpaka uzeeni. Kwa hiyo ukindu mzuri wote, uliotiwa rangi na kuanikwa, mama aliuweka kwa ajili yangu.

Ikaingia Shaabani, na mama alikwisha kuahidi kutoa mkeka mpya wa msikiti kabla ya Ramadhani. Akaokota vipande vilivyobaki, vifupi na vikavu, hata kuvilowesha hakuvilowesha, akasuka mbio mbio akamaliza, ukapelekwa msikitini. Nilipomwangalia akasema, "Sadaka ni nia, mwanangu. Msikitini hakuna wifi."

Babu Shaame, baba yake mama, alikuwa haoni, wala hakuambiwa nani kausuka mkeka ule. Ijumaa akarudi kutoka msikitini ana mchubuko kwenye paji la uso, na damu imeganda. Mama akashtuka.

"Baba, umeanguka?"

"Sikuanguka. Ule mkeka mpya unachoma, ncha za ukindu zimesimama. Aliyeusuka lazima ni maskini sana, hana ukindu wa maana, na bado katoa. Nimemwombea kila niliposujudu, Mungu ampe."

Mama akapiga magoti mbele yake. "Maskini huyo ni mimi, baba. Na ukindu ninao."

Babu akampapasa kichwa. "Una ukindu, una mikono, una macho. Kakupa nani? Na Yeye ndiye unampa masalio?"

Mama akalia, kisha akaniangalia. Nilijua anataka kuniuliza nini, nikanuna, sisemi uongo. Harusi ilikuwa mara tu baada ya Idi. Lakini nililitazama tena paji la babu, nikaingia ndani nikautoa mkeka wangu mwenyewe. Mama akaumalizia vizuri, akakagua kila mshono juu na chini, tukaupeleka msikitini.

Nikaolewa kwa mkeka wa kuazima. Babu aliswali Ramadhani nzima, tarawehe zote, akirudi na paji zima, na hiyo ndiyo ilikuwa Ramadhani yake ya mwisho. Nikikumbuka kwamba sijida zake za mwisho alizipiga juu ya mkeka wangu wa harusi, nasema alhamdulillahi, sijapata kutoa kitu nikakifurahia kama kile.

Mawifi walisema, tena sana. Wakamuuliza mama fundi gani huyu anayemwoza bintiye kwa mkeka wa watu. Mama hakuona haya. Aliwajibu mbele ya harusi nzima, na kijiji kikalishika neno lake mpaka leo: mkeka wa msikiti hausukwi kwa masalio.