Mkufu wa Mama Zuhura

Mkufu wa kuazima haushushi homa. Mmeyasikia maneno hayo leo kwenye mashine ya kusaga, mkaja kuniuliza nani aliyeyaanza. Basi kaeni, wanangu, maana yalianzia shingoni kwangu.

Kulikuwa na uvumi hapa kijijini kwamba hospitali ya wilaya humfungia mzazi asiye na hela, hatoki mpaka ndugu zake wauze shamba. Niliusikia mara moja tu, ukaniganda kama kupe. Dada yenu Zawena, akiwa na miaka saba, alishikwa na homa kali. Siku mbili nikamkanda kwa maji, naogopa kwenda. Siku ya tatu akaanza kuweweseka. Nikaazima mkufu wa dhahabu kwa jirani yetu Mama Zuhura na viatu kwa wifi yangu, ili wakiniona wajue mimi si wa kufungiwa.

Tukalazwa. Asubuhi Bi Hilda wa ustawi wa jamii akapita wodini, anauliza nani hana uwezo wa kulipia matibabu. Akautazama mkufu. Nikasema, "Sisi tunajiweza." Akapita.

Saa nne muuguzi akaniletea karatasi ya daktari ya kulipia sindano. Nikaikunja, nikaikalia. Mtoto akaacha hata kulia.

Kitanda cha pili alikuwapo Bibi Mwanamkuu, anamuuguza mjukuu wake. Akanikemea, "We bi harusi! Mtoto anaungua, wewe unalinda shingo?"

Nikauvua mkufu, nikamkimbilia Bi Hilda peku.

"Mkufu wa jirani," nikamwambia. "Viatu vya wifi. Changu ni mtoto tu."

"Loo! Nami nilidhani mke wa mwenye duka la jumla. Mbona hukusema?"

"Niliogopa mtanifungia."

"Mama, karatasi ya msamaha wa malipo ninayo mimi. Ila simwandikii mtu aliyeniambia anajiweza. Mwenyekiti wenu wa kijiji ana simu?"

Akampigia, akahakikishiwa sina uwezo, akaandika, akagonga muhuri. Adhuhuri sindano ikaingia. Kesho yake Zawena akaomba uji, akalalamika hauna sukari. Nililia kwa furaha, Bibi Mwanamkuu, niliyekwisha mweleza yote, akacheka. "Umeona, bi harusi? Mkufu wa kuazima haushushi homa." Wodi nzima ikayadaka maneno hayo, yakatutangulia kufika nyumbani.

Sasa nanyi mna watoto, na moyo wangu hautulii.

Msimkalishe mgonjwa nyumbani kwa sababu ya uvumi.
Msiende hospitali na mapambo ya watu.
Msikunje karatasi ya daktari mkanyamaza.
Msiseme "tunajiweza" kama hamjiwezi, hata akiwasikia jirani.